Bluu Changa

Katika nchi moja iliyo mbali kidogo na hapa, mbali kiasi cha kutosha ili mtu yeyote asije akajiona ametajwa, palikuwa na ziwa lililopendwa na watu wote. Wenyeji waliliita Mlemba. Serikali ililiita Ziwa la Mapumziko ya Taifa, kwa sababu katika nchi hiyo kitu kisicho na jina refu hakikutengewa bajeti. Mwisho wa juma watu walikwenda pale kuogelea, kula samaki wa kukaanga, kupiga picha za harusi, na kukodi vile vijimashua vya kukanyaga kwa miguu. Fundi aliagizwa avitengeneze kwa umbo la bata. Kwa kuwa alikuwa fundi wa vyombo vya jikoni, vilitoka vinafanana na birika, na watu wakavipenda hivyo hivyo.

Ziwa lilikuwa chini ya Wizara ya Mapumziko na Furaha ya Umma, na sauti ya wizara hiyo ilikuwa ya Bwana Zefania Mtopa, Msemaji Mkuu. Alikuwa mtu mfupi, mwembamba, mwenye sauti nzito kuliko mwili wake, kiasi kwamba waliomsikia kabla ya kumwona walipokutana naye walitazama nyuma yake wakimtafuta mwenye sauti. Kila jioni, baada ya habari za mpira, alisoma redioni Taarifa ya Furaha.

Wananchi walimsikiliza kwa makini sana, kisha wakafanya kinyume. Hawakufanya hivyo kwa ubaya. Walikuwa wamezoea tu. Zefania akisema sukari ipo ya kutosha, watu waliacha chakula mezani wakakimbilia dukani. Akisema hakuna sababu ya kuwa na wasiwasi, waliingiza kuku ndani na kufunga madirisha. Akisema bei ya mafuta ya taa haitapanda, kila nyumba ilijaza madumu kabla hajamaliza kusoma. Zefania mwenyewe alilijua hilo na halikumkosesha usingizi. Aliona kazi yake ni ya maana, kwani bila yeye watu wangejuaje la kufanya?

Mtu mmoja tu katika nchi nzima alimwamini neno kwa neno, naye alikuwa mama mkwe wake.

Bibi Apolonia aliishi huko juu milimani, kwenye baridi na njegere. Zamani Zefania alipokwenda kuposa, akiwa amevaa viatu vya kuazima vilivyomzidi, wajomba wa binti walitaka kumrudisha alikotoka. Bibi Apolonia ndiye aliyesimama akasema kwamba kijana mwenye sauti kama ile hawezi kufa njaa, na akimwoa binti yake wataona. Kisha, kwa muda mrefu ambao sauti ile haikuleta hata kilo ya unga, akawa anawatumia maharage na viazi kimyakimya, bila kumwambia mtu. Siku Zefania alipoajiriwa wizarani, bibi alinunua redio. Tangu hapo hakuwahi kukosa Taarifa ya Furaha. Aliisikiliza akiwa ameketi wima, kilemba kichwani, kana kwamba mkwe wake angeweza kumwona, na alichokisikia alikishika kama watu wanavyoshika aya.

*

Mwaka mmoja jua lilikuwa kali na upepo ukagoma. Ziwa likaanza kubadilika. Mwanzoni lilikuwa na utando mwembamba wa kijani pembeni, kama vile mtu ameoshea sufuria ya mboga. Baadaye utando ukatanda hadi katikati, maji yakawa mazito na ya kuteleza kama mlenda uliosahaulika jikoni, na harufu ikaanza kuingia mjini asubuhi pamoja na wafanyakazi. Walioogelea walirudi nyumbani wanajikuna. Watoto walitapika. Mbwa wa Waziri, aliyeitwa Jemedari, alikunywa maji yale akitoka kutembezwa na hakuliona jua likizama.

Jioni ile Zefania alitangaza kwamba Jemedari amekwenda masomoni nje ya nchi.

Waziri, Mheshimiwa Bruno Pangapanga, alimpenda sana mbwa wake, hivyo aliitisha kikao cha dharura na kumwalika Dakta Salha Kipande, mtaalamu wa maji kutoka chuo kikuu. Dakta Salha alieleza kwa lugha nyepesi. Kile kitu, alisema, ni mwani, tena si ule wa kawaida. Ni vijidudu vidogo mno ambavyo huzaliana kupita kiasi maji yakiwa ya moto, yametulia, na yamejaa chakula, au virutubisho kama alivyoviita. Chakula chenyewe kinatoka sehemu mbili. Mbolea inaletwa na mfereji kutoka mashamba ya miwa yaliyo juu ya ziwa, na uchafu wa vyooni unaletwa na bomba la Hoteli ya Waheshimiwa. Mwani wa aina hii hutoa sumu inayoharibu ini, na hata ukiyachemsha maji, sumu haiondoki. Akashauri watu wakatazwe kuogelea, mabango ya onyo yawekwe, maji yapimwe kila wiki, na zaidi ya yote, mfereji na bomba vizibwe.

 Kila aliyekuwepo alijua mashamba yale ya miwa ni ya nani, na picha ya mwenye nayo ilikuwa ukutani, ikiwatazama.

Waziri aliuliza kama mwani huo una kiongozi ambaye serikali ingeweza kukaa naye mezani. Katibu wa wizara akataka kujua kama umesajiliwa. Ofisa mmoja, ambaye kazi yake ilikuwa kutikisa kichwa, alitikisa kichwa. Dakta Salha akajibu kila swali kwa subira, na alipoulizwa kama hakuna ushauri mwingine usiogusa mfereji, akasema hakuna. Alishukuriwa sana. Wiki ile ile akapandishwa cheo kuwa Mkurugenzi wa Maziwa ya Jangwani, idara mpya kabisa yenye ofisi huko kaskazini, mahali ambapo mvua huzungumzwa kama habari za ukoo.

Alipotoka ukumbini, likabaki tatizo la rangi. Siku ya Kuoga Kitaifa ilikuwa inakaribia, ambapo Mtukufu Mlezi wa Taifa huingia ziwani mbele ya wananchi na redio hutangaza moja kwa moja jinsi anavyolowa. Mtukufu hangeweza kuingia kwenye maji ya kijani. Wakubwa wote wakainamisha vichwa, na hapo ndipo Zefania alipokohoa.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi sioni kijani pale. Naona bluu ambayo haijakomaa. Ile ni bluu changa."

Waziri alisimama akamkumbatia, akamkumbatia tena, na machozi yakamtoka. Jioni Zefania alilitangazia taifa kwamba ziwa limeingia katika kipindi cha bluu changa, na neno lile jingine likapigwa marufuku kutumika kwa maji. Wananchi walitii kupita maelezo. Kabla ya Ijumaa wauza mboga sokoni walikuwa wananadi mchicha wa bluu changa, na wapishi wa mahoteli wakawa wanauliza wateja kama wanataka pilipili nyekundu au bluu changa.

Mabango nayo yaliwekwa, kwani wizara haikutaka kuonekana imepuuza utaalamu. Dakta Salha alikuwa amependekeza ngazi tatu: Tahadhari, Onyo na Hatari. Wizara ilizihifadhi ngazi zote tatu, ikarekebisha maneno kidogo tu ili yasiwatie watu hofu. Zikawa Salama, Salama Sana, na Salama Kupita Kiasi. Mlinzi wa ufukweni alifundishwa kubadilisha bango kulingana na harufu.

Kisha wakaletwa bata. Waziri alikuwa amesikia mahali kwamba bata hula mwani, na shemeji yake alikuwa na bata. Waliapishwa asubuhi ufukweni, mmoja mmoja, bawa la kulia likiwa limeinuliwa na askari, kisha wakaingia ziwani huku bendi ikipiga. Siku ya kwanza walikula. Kesho yake wote walikuwa wanaelea, miguu ikitazama mbinguni. Zefania akaripoti kwamba bata wa taifa wamebuni mtindo mpya wa kuogelea chali. Walipoanza kuvimba, akaripoti kwamba wamestaafu kwa manufaa ya umma.

Bango likabadilishwa kuwa Salama Kupita Kiasi. Hakuna aliyekanyaga maji tena. Vijimashua vya birika vilifungwa kwenye nguzo, na wauza samaki wakahamia stendi. Kwa jinsi yake, mfumo ulikuwa unafanya kazi, na Zefania alijipongeza kwa hilo. Katika kufurahia ufundi wake, jioni moja akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemtuma kulisema. Alisema maji ya ziwa sasa yana virutubisho. Wala hakuwa amedanganya. Dakta Salha alikuwa ametumia neno hilo hilo.

*

Siku moja kabla ya sherehe, Zefania alirudi nyumbani kula chakula cha mchana akakuta basi limesimama mbele ya geti lake. Kina mama wazee walikuwa wanashuka, mmoja baada ya mwingine, wakiguna, wakishikana mikono, kila mmoja na mkongojo wake na dumu tupu. Wa mwisho kushuka alikuwa Bibi Apolonia.

Walikuwa wanachama wa Umoja wa Magoti. Huko milimani baridi iliwatesa miguu, na Bibi Apolonia alikuwa amewasimulia habari za maji yenye virutubisho. Mpango wao ulikuwa kuingia ziwani kesho pamoja na Mtukufu, wakae mpaka maji yawafike kifuani, wayanywe kiasi, na kujaza madumu kwa ajili ya wenzao walioshindwa kusafiri.

Zefania aliharakisha kufungua geti. Aliwakaribisha, akawaamkia wote, akahakikisha wamepata chai. Kisha, akiwa amekaa umbali wa heshima na macho yake yakiwa kwenye mkeka, alimwambia mama mkwe kwamba kwa bahati mbaya ziwani kuna mamba.

Bibi Apolonia alimtazama kwa huruma, akadhani kazi nyingi zimemchosha. Akamkumbusha kwamba mamba walihamishwa zamani. Alikuwa ametangaza mwenyewe, jioni ile mvua ya mawe ilipoharibu njegere, kwamba wamepewa makazi bora kuliko waliyoyaacha. Kina mama wakaitikia kwamba ndivyo. Zefania akasema basi maji yana baridi kali, haifai kwa magoti. Bibi akamjibu kwamba maji yana joto la kirafiki. Hayo nayo Zefania aliyatangaza mwenyewe. Zefania akasema barabara ya kwenda ziwani imekatika. Mama mmoja mwenye miwani akatoa sauti kutoka pembeni kwamba barabara zote za nchi zinapitika majira yote, na wenzake wakamalizia naye taarifa ile kwa pamoja, hadi kwenye salamu za mwisho.

Alimfuata mkewe Tekla jikoni, akamwomba azungumze na mama yake.

"Nimwambie nini?" Tekla aliuliza bila kuacha kukoroga. "Kila nikisema kitu anauliza kama umekitangaza. Ataona nakuharibia jina." Kisha akaweka mwiko chini na kumgeukia. "Sikiliza, Zefania. Yule mwanamke alikulisha. Akinywa bluu changa yako akafa, mimi na wewe basi."

Zefania hakula siku hiyo. Alasiri alimkuta bibi peke yake kibarazani, gauni limepandishwa kidogo, anajipaka mafuta ya nazi magotini. Alichuchumaa mbali, akageuza uso kwa adabu, na akamweleza yote. Alisema maji yana sumu, bata walikufa, mbwa alikufa, na yale ya virutubisho aliyatia yeye kwa kupenda maneno mazuri. Alizungumza polepole kwa sauti yake ya kawaida ya nyumbani, ambayo hakuwa ameitumia kwa mambo mazito kwa muda mrefu, ikawa inamkatikakatika.

Bibi Apolonia alimsikiliza hadi mwisho. Akafunika chupa ya mafuta.

"Mkwe wangu," alisema, "wewe ni kijana mzuri na nakupenda kama mwanangu. Lakini haya mambo ya serikali huyajui. Ngoja jioni, tutasikia Msemaji Mkuu anasemaje."

Zefania alimwambia kwamba Msemaji Mkuu ni yeye. Bibi akakubali kwamba ni yeye, bila ubishi, huku akimpigapiga mkono. Lakini alisema mtu akiwa redioni anasema yaliyo rasmi, na mtu akiwa kibarazani na fulana yenye tundu anasema yaliyo moyoni mwake, na yaliyo moyoni hubadilika kwa njaa. Akamshauri akale. Jioni ile hapakuwa na Taarifa ya Furaha, kwa kuwa redio ilipiga nyimbo za kumkaribisha Mtukufu usiku kucha, na bibi akasema basi atangoja tangazo la kesho.

*

Siku ya Kuoga Kitaifa ilipambazuka bila upepo. Waziri Pangapanga alikuwa amejiandaa vizuri. Kwa ajili ya harufu, aliweka majiko ya nyama choma yakizunguka uwanja mzima, moshi mtupu. Kwa ajili ya rangi, alisimamisha mbele ya jukwaa pazia kubwa kama jumba, na juu yake imechapwa picha ya ziwa lile lile lilivyokuwa zamani, bluu tupu, na vijimashua vya birika vikielea. Mtukufu aliketi akilitazama ziwa hilo la picha kwa furaha, wala hakujua kwamba ziwa lenyewe liko nyuma ya pazia. Katikati ya pazia palikuwa na mlango ambao angepitia hadi majini, akiwa amevaa vazi lake la kuogelea, ambalo lilikuwa na medali zake zote. Wapiga mbizi walikuwa tayari, kwa sababu medali zile zilikuwa na uzito.

Wananchi walikuwa wamejaa, lakini walikuwa wamekaa nyuma, mbali na maji, mikono kifuani. Waliokuwa karibu na ziwa ni Umoja wa Magoti peke yao. Walikuwa wamejipanga ukingoni, wameinua pindo za magauni, madumu yamefunguliwa, wakingoja tangazo. Bibi Apolonia alikuwa mbele ya wote, redio yake ndogo ikining'inia begani.

Zefania alikuwa juu ya jukwaa na kipaza sauti mbele yake. Karatasi aliyopewa na Waziri ilikuwa na sentensi moja: maji ni Salama Kupita Kiasi, karibuni nyote. Aliitazama, akaanza kupiga hesabu kichwani, na kadiri alivyofikiri ndivyo jasho lilivyomtoka. Akisema maji ni salama, uwanja mzima ungebaki pale pale ulipo, lakini mama mkwe wake angeingia na kunywa. Akisema maji ni sumu, mama mkwe angetoka, lakini uwanja mzima ungeingia. Miaka yote ile alikuwa amejivunia kwamba hakuna mtu anayeweza kulivuruga taifa kwa neno moja kama yeye. Sasa alitamani aliyeketi pale awe mtu mwingine.

Waziri alimpa ishara kwa kidole. Ukingoni, Bibi Apolonia alivua kiatu cha kulia.

"Ndugu wananchi," Zefania alisema, na sauti ikatoka yote, nzito, ya redioni. "Maji ya ziwa hili yana sumu. Asiingie mtu. Asinywe mtu. Mbwa wa Waziri hakwenda masomoni."

 Mtu mmoja nyuma akasema kwa mshangao kwamba basi ziwa limepona, mwingine akalirudia, na uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Watu wakaanza kuvua mashati. Akina baba wakabeba watoto mabegani. Walikuwa wamelikosa ziwa lao msimu mzima, nao wakaliendea kama maji ya mfereji yaliyofunguliwa. Zefania akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema kwamba safari hii anasema kweli kabisa, anaapa. Hapo waliokuwa wanatembea wakaanza kukimbia.

Lakini redioni tangazo lilikuwa limefika. Bibi Apolonia, mguu mmoja ukiwa hewani juu ya maji, aliurudisha nchi kavu, akavaa kiatu, akawageukia wenzake.

"Msemaji amesema asiingie mtu," alisema.

Umoja wa Magoti haukuuliza swali. Waligeuka wote, wakalipa ziwa mgongo, wakajipanga ukingoni bega kwa bega, mikongojo imetangulia. Watu wa nchi ile walikuwa wameshapambana na polisi, na maji ya kuwasha, na mara moja na faru wa serikali aliyetoroka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumsukuma bibi mzee mbele za watu. Waliotangulia walisimama ghafla, wa nyuma wakawagonga, na waliojaribu kupenya walipata mikongojo ya miguuni, na madumu matupu ya vichwani, na maswali kuhusu wazazi wao. Mama mwenye miwani alimshika mhasibu wa benki kwa sikio mpaka akavaa suruali yake. Mstari haukukatika.

Ndipo pazia likafunguka katikati. Mtukufu Mlezi wa Taifa, ambaye alikuwa amesikia vigelegele akadhani ni vyake, akatoka nje ya picha katika vazi lake la kuogelea, medali zikilia kama kengele za ng'ombe, akaelekea majini. Mbele yake akamkuta Bibi Apolonia. Bibi hakumtambua, kwa sababu picha za Mtukufu zote zilipigwa angali ana nywele.

"Mzee mwenzangu," bibi alisema, akimzuia kifuani kwa ncha ya mkongojo, "na magoti hayo hayo, husikii redio?"

Walinzi wakatia mikono makotini. Waziri Pangapanga akakaa chini, bila kiti. Mtukufu aliutazama mkongojo, kisha, kwa mara ya kwanza mwaka ule, akatazama nyuma ya mkongojo, akaliona ziwa.

"Kwa nini maji ni ya kijani?" aliuliza.

 Neno lile lilikuwa halijasikika hadharani tangu kikao. Mtukufu akageuza kichwa kutafuta wa kumjibu, na kila mtu akamtazama Zefania, ambaye alikuwa ameshuka jukwaani bila kujua ameshukaje, na sasa alikuwa amesimama kati ya mama mkwe wake na walinzi, magoti yake nayo yakiomba uanachama.

Alifungua kinywa akatafuta ukweli, lakini aliona mikono ya walinzi ikisogea. Akatafuta uongo, na Bibi Apolonia alikuwa anamtazama. Kilichotoka kilikuwa katikati.

"Mtukufu, ziwa limechoka," alisema. "Limelitumikia taifa tangu tupate uhuru, bila kupumzika hata siku moja. Linaomba likizo."

 Mtukufu mwenyewe hakuwa amewahi kwenda likizo, kwa kuogopa kurudi na kukuta kiti kina mtu, na neno lile lilimgusa mahali.

"Limeomba kwa utaratibu?"

"Limeomba kwa rangi, Mtukufu."

Tumbo la Mtukufu likaanza kutikisika, medali zikalia, akacheka. Uwanja ukacheka baada yake, kwa kuwa ndio ulikuwa utaratibu. Akasema lipewe likizo, tena ndefu. Akaongeza, akiwa katika hali ile ya ukarimu, kwamba mtumishi aliye likizo asiletewe kazi wala mzigo wa aina yoyote.

"Hata mfereji, Mtukufu?" Zefania aliuliza haraka.

"Mfereji wowote."

"Na bomba je?"

"Hata bomba," alisema Mtukufu, na akarudi ndani ya picha kutafuta taulo.



*

Agizo likiwa limetamkwa hadharani na kurushwa redioni, halikuwa na namna ya kurudishwa. Mfereji wa mashamba ya miwa ulizibwa kwa vifusi, na Mtukufu alipoambiwa baadaye ni wa nani, ilisemekana alikasirika chakula cha jioni chote. Hoteli ya Waheshimiwa ikachimba shimo lake. Dakta Salha Kipande aliletwa kutoka jangwani, ngozi imemkauka, akapewa cheo cha Msimamizi wa Likizo ya Ziwa, na vyombo vya kupimia maji. Mabango ya zamani yaling'olewa, yakawekwa yaliyoandikwa ZIWA LIKO LIKIZO, LISISUMBULIWE. Wananchi waliyatii bila kuyageuza, kwa sababu likizo ilikuwa kitu walichokisikia tu kwa watu, na wakaona angalau ziwa lao limebahatika. Asasi nyingine nazo zikaanza kuomba. Daraja la mjini lilipewa wiki chache. Shirika la umeme liliomba pia, ila ikagundulika kwamba lilikuwa likizoni muda wote.

Maji hayakusafika mara moja. Msimu mmoja wa mvua ukapita, ukaja mwingine, na utando ukawa unarudi nyuma polepole kama mgeni asiyetaka kuaga. Mwishowe asubuhi moja Dakta Salha aliona changarawe chini. Wizara ilikataa kusema maji yana rangi gani, na watu wakaelewa kwamba yako sawa.

Zefania aliondolewa redioni siku ya pili tu baada ya sherehe. Hakufungwa. Waziri alimweleza, kwa masikitiko ya kweli, kwamba sauti yake imeharibika kiserikali, kwa sababu wananchi hawajui tena waigeuzie upande gani. Bibi Apolonia alihuzunika kidogo kwamba mkwe wake ameacha kazi nzuri, na akamsikiliza msemaji mpya mara moja tu, akasema yule anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Akauza redio. Magoti anayakanda sasa kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, kama Dakta Salha alivyomwelekeza.

Zefania alipata kazi ya kutangaza misiba mtaani kwa kipaza sauti. Aliipenda kuliko alivyotarajia. Mtu amefariki, atazikwa kesho, chakula kipo. Hapakuwa na kitu cha kupamba, na watu walikuja saa aliyowaambia. Shida yake ikawa nyumbani. Ulimi wake, ukishaonja kusema jambo kama lilivyo, haukutaka kurudi. Alimwambia jirani kwamba mwanawe hajui kuimba. Alimwambia kinyozi ukweli kuhusu kichwa cha mteja aliyekuwa bado kitini.

Jumapili moja Tekla alipakua mchuzi wa samaki, samaki wa Mlemba, wa kwanza kuvuliwa tangu likizo ianze. Alikuwa ameupika tangu asubuhi. Alimwekea mumewe, akakaa mbele yake, akamuuliza anauonaje.

Zefania alionja. Akaonja tena, kwa haki.

"Chumvi imezidi," alisema.

Tekla alilivuta bakuli taratibu likarudi upande wake wa meza, akaanza kula mwenyewe.

"Kesho," alisema, "nenda ukamwone Waziri."